Cheni Niliikaza Mimi

Fundi alinionya. Naanzia hapo, maana kuna asubuhi moja ya Juni, mwaka juzi, niliyoishi kana kwamba hakunionya.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nafundisha sekondari wilayani Kilwa. Pikipiki yangu ni Honda XL 125 ya mnadani, aina ile ambayo mabwana shamba wa zamani waliitumia kuzunguka nchi nzima. Niliikuta imechoka, lakini injini yake ilikuwa haijachezewa. Kwa miaka minne imenipeleka kazini, imenipeleka Kivinje kununua samaki, na mara mojamoja imenifikisha Somanga. Ilikuwa haijawahi kunilaza njiani. Shida ilianza nilipotaka iwe kitu kingine.

Siku moja walifika Kilwa Masoko wazee wawili wa Kijerumani, kila mmoja na BMW R 1200 GS yake. Kilwa Kisiwani huendi kwa pikipiki, kwa hiyo wenyewe walipanda mashua kwenda kuangalia magofu, na pikipiki zikabaki kivulini. Nilizizunguka kama mtoto anayezunguka sufuria la pilau ya harusi. Masanduku ya alumini huku na huku, kioo cha kukata upepo, taa mbili za ziada chini ya taa kubwa. Nikapiga picha. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa chombo cha tanga, bila sanduku hata moja la alumini, na habari za safari yake zinasomwa mpaka leo. Hilo halikunijia kichwani.

Mwezi uliofuata nilikuwa kwa mchomeleaji na ile picha mkononi. Alumini hana, akanitengenezea masanduku mawili ya bati nene, kila moja kilo 12 likiwa tupu. Nikafunga kioo. Nikafunga taa mbili. Nyuma ya masanduku nikachomelesha kitako cha kuwekea dumu la petroli la lita 10. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaibatiza jina, "Ambulensi". Nilijifanya sisikii, lakini moyoni nilifurahi.

Safari yenyewe niliipanga kwa siku sita. Kilwa hadi Lindi, Mingoyo nishike njia ya Mtwara, nilale Mikindani, kisha nirudi. Wakati wa kurudi nilitaka niingie Tendaguru, huko kaskazini-magharibi mwa Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakabeba mifupa ya dinosaria ambaye leo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin. Wanafunzi wangu niliwaahidi picha. Nilikuwa naenda na mpwa wangu, kijana wa miaka 19, ambaye ningemwacha Lindi kwa mama yake siku ya kwanza.

Na barabara ya kusini siku hizi inatia kiburi. Wakubwa wetu wanakumbuka kivuko cha Rufiji, na tope la kati ya Ndundu na Somanga lililokuwa likimeza malori. Sisi tuna Daraja la Mkapa tangu 2003, tuna lami. Mtu akiendesha saa mbili bila kushuka, anajiona bingwa.

Siku mbili kabla ya safari niliipeleka pikipiki kwa fundi wangu, Nangurukuru. Ni mtu mzima, hana maneno mengi. Akabadilisha oili, akasafisha plagi na chujio la hewa, akaangalia tairi. Akamalizia na cheni. Alipokuwa anafuta mikono aliniambia: "Mwalimu, cheni nimeiacha ilegee. Usiiguse. Ukishapakia itajikaza yenyewe."

Nikajibu, "Sawa, fundi." Niliitamka kwa sauti ile ile wanafunzi wangu wanayoitumia wakiwa hawajaelewa na wanataka kengele ilie.

Usiku wa kuamkia safari niliikagua. Mpwa wangu alishika tochi. Niliinua cheni kwa kidole, ikapanda, nikaiachia, ikashuka. Inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia kijana, "Unaona hawa mafundi wetu? Kazi nusunusu." Nikachukua spana malaya, nikalegeza nati ya ekseli, nikalivuta gurudumu nyuma alama mbili, nikakaza. Cheni ikanyooka kama imepigwa rula. Mstari ulionyooka unamfurahisha mwalimu wa hisabati. Nikalala vizuri.

Asubuhi tukapakia. Hesabu hii niliifanya baadaye, wakati haina faida tena: mimi kilo 84, mpwa wangu 68, masanduku 24, vilivyomo ndani 32, petroli ya dumu kama 7. Jumla 215. Pikipiki yenyewe haifiki kilo 120.

Tuliondoka Masoko kabla jua halijachomoza. Nangurukuru tulipita karakana ya fundi bado imefungwa, tukakata kuelekea kusini. Ufuta ulikuwa unavunwa; pembeni mwa barabara miganda imesimamishwa ikauke, na malori ya magunia yanatupita yakielekea Dar. Vijiji vyote watoto walitupungia. Nilikuwa nawapungia na mimi, kwa kiganja kimoja, polepole, kama mgeni rasmi.

Tulipopita Mandawa nikasikia mlio. Si mkubwa, mkoromo tu wa chini unaopanda na kushuka kadiri ya mwendo. Mpwa wangu akanigusa bega, "Mjomba, unasikia?" Nikamwambia ni upepo kwenye kioo. Baadaye kidogo nikanusa oili ya moto. Hapo ningesimama. Sikusimama, kwa sababu mbele kulikuwa na watu kwenye kituo cha basi, na sikutaka wanione nimepiga magoti nyuma ya Ambulensi.

Hatujafika Kiranjeranje, cheni ikakatika. Haikuanguka barabarani, afadhali ingeanguka. Ilijikusanya mbele, kwenye sproketi ndogo, ikapiga kasha la injini kwa ndani. Mlio wake ulikuwa kama wa mtu aliyeangusha sufuria. Tukaserereka hadi pembeni. Tukashuka wazima, wote wawili. Chini ya injini oili inadondoka, na kwenye kasha kuna ufa ambao kidole changu cha shahada kinaufunika sawasawa.

Tuliisukuma hadi kijijini. Ilituchukua zaidi ya saa moja. Masanduku yale yana kona, kila hatua kumi yananigonga ugoko. Tulipofika chini ya mkorosho ambapo vijana wa bodaboda wanapaki, nilikuwa nimeshapata mkosaji. Nikampigia simu fundi wa Nangurukuru. Nikaweka spika, ili watu wasikie mtu wa haki anavyodai haki yake. Nikamwambia amenipa cheni mbovu, nusura atuue, na fundi wa namna yake angekaa nyumbani akafuge kuku.

Akanyamaza. Kisha akauliza taratibu: "Mwalimu, cheni uliigusa?"

Nikasema hapana.

Nimelifikiria sana neno hilo. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Saa kumi na mbili zilikuwa hazijapita vizuri tangu niishike ile spana. Mpwa wangu, aliyeshika tochi, alikuwa amekaa kwenye gogo hatua mbili kutoka kwangu. Aliinamisha kichwa akaanza kufunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kwenye kijiwe kile kulikuwa na kijana fundi, umri wake haumzidi mpwa wangu kwa miaka mingi. Wakati mimi nafoka alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu langu la nyuma. Nilipokata simu akaniita. Akanionyesha nati ya ekseli: imejaa vumbi la zamani lililogandamana na grisi, ila kwenye pembe zake chuma kinang'aa, kimekwanguliwa upya. Akasema, "Spana ya fundi haing'ati hivi. Hii ni spana malaya." Hakuniuliza ni ya nani. Mpini wake ulikuwa umechomoza kwenye sanduku langu lililofunguka.

Akaleta pikipiki ya mwenzake, Boxer. Akanishika mkono, akaniwekea kidole juu ya cheni, katikati ya sproketi mbili. Inacheza. Akamwambia mpwa wangu apande. Cheni ikapungua kucheza chini ya kidole changu. Akamwongeza rafiki yake nyuma. Ikapungua tena. Akawaegemea kwa mabega yote, akawakandamiza, cheni ikawa ngumu kama kamba ya nanga mkondo unapovuta. Akawashusha, ikalegea.

Hapo ndipo nilipoiona. Niliiona kama inavyochorwa ubaoni. Sproketi ya mbele ni nukta ya kwanza. Bolti ambayo ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma unazungukia ni nukta ya pili. Ekseli ya nyuma ni ya tatu. Pikipiki ikiwa tupu, nukta hizo zinatengeneza pembetatu iliyobonyea. Ukipakia mzigo, shokapu zinashuka na pembetatu inalala, hadi nukta zote tatu zinakuwa kwenye mstari mmoja, na pale ndipo sproketi na ekseli zinapokuwa mbali kuliko wakati mwingine wowote. Cheni isiyoachiwa nafasi ya umbali huo haina pa kwenda. Itavuta beringi, itang'oa sili ya oili, mwisho itakatika. Pikipiki za shokapu ndefu kama yangu huachiwa sentimita 3 hadi 4 za kucheza kwa sababu hiyo.

Jumla ya pande mbili za pembetatu ni kubwa kuliko upande wa tatu. Naifundisha kila mwaka. Naitungia mtihani. Nimewahi kumkatia mtoto alama tatu kwa kuisahau.

Saa tisa mpwa wangu alipata basi la Lindi. Aliniaga kwa adabu, akashika begi lake, hakusema lolote kuhusu simu. Nilisubiri hadi jioni nikapata lori la ufuta linalorudi kaskazini. Wakanipandishia pikipiki juu ya magunia kwa shilingi 40,000, na mimi nikakaa nayo huko juu, nimeshika dumu la petroli mapajani.

Gharama nzima ilikuwa 405,000. Kasha lilikwenda Dar kuchomelewa, maana alumini haichomelewi na kila mtu. Likakaa wiki tatu. Likizo iliisha. Wanafunzi hawakupata picha ya Tendaguru. Hayo yanalipika. Kuna lingine. Nikiwa juu ya lori nilituma ujumbe kwenye kundi la walimu, nikieleza fundi alivyoniponza. Ndiyo, baada ya kuwekewa kidole kwenye cheni. Nilikuwa bado natafuta wa kuwa upande wangu. Walimu watatu waliokuwa wateja wake wakahama.

Kesho yake nilikwenda karakanani. Vijana walikuwepo, na wengine walishausikia ujumbe. Nikamwambia fundi mbele yao kwamba cheni niliikaza mimi, na kwamba kwenye simu ile nilidanganya. Akaendelea kufungua bolti za kasha. Baadaye akasema, "Najua. Mtu asiyegusa huwa anauliza. Wewe ulikuwa unapiga kelele." Akanitajia bei ya kazi, ile ile ya siku zote. Walimu wale niliwafuata mmoja mmoja. Mmoja amerudi kwake. Wawili hawajarudi, na mmoja wao ananiona mimi ndiye wa ajabu kwa kulikuza jambo.

Kasha likiwa bado Dar, jioni moja niliifungua ile picha ya BMW kwenye simu nikaikuza, nione masanduku yao yalivyofungwa. Nikaangalia gurudumu la nyuma. Hakuna cheni. R 1200 GS inazungushwa na shafti iliyo ndani ya bomba, kama gari. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nimeizunguka mara nne, nimeipiga picha. Nikampelekea fundi. Alicheka hadi akaweka spana chini. "Sasa mwalimu, wewe ulikuwa unaiga nini?"

Masanduku nimeyafungua. Moja lina mkaa, jingine lina pumba za kuku. Mpwa wangu alikuja tena Desemba, kwa basi. Mikindani bado sijafika.

Kama pikipiki yako iko hapo nje na una safari, pakia mzigo wako wote, kaa juu yake na abiria wako, kisha mwombe mtu wa tatu ashike cheni. Na fundi wako akipiga simu kuuliza kama uliigusa, mjibu alichokuuliza.