Chakula Chetu na Saratani ya Titi: Niliyojifunza Angurai



Wifi yangu anaishi Angurai, si mbali na Malaba, ambako malori ya kuvuka kwenda Uganda hupanga foleni mchana na usiku. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Ndoa ndiyo iliyonifungamanisha na watu wa huko. Kila nilipokwenda kuwazuru, nilikionea wivu chakula chao: sima ya wimbi na muhogo, majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na matunda ya shambani. Kwetu mezani hapakosi mahamri, viazi karai na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Nikawa nasema moyoni kwamba huyu hatayajua maradhi yetu ya mjini.

Naye aliamini hivyo hivyo. Siku alipogusa kinundu katika titi la kushoto alipokuwa akioga, kinundu kigumu kisichouma, hakushtuka. Alinipigia simu, nami nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Wifi, wewe unakula vizuri, humo katika watu wa saratani. Nitakuletea habasoda na asali. Acha sukari, kitayeyuka." Nikampelekea kifurushi kwa basi. Ikapita miezi minane.

Alipokwenda hospitali, kinundu kilikuwa kimefikia ukubwa wa yai la kuku na ngozi iliyokifunika imebonyea. Kipande kidogo cha nyama kilichukuliwa kikapimwa. Ilikuwa saratani, nayo ilikwishafika kwenye tezi za kwapani. Daktari alimwuliza kilichomchelewesha. Akajibu, "Nilikuwa nikijitibu kwa chakula." Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, sikuweza kuinua uso.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa chakula kina nafasi gani katika maradhi haya, na wapi nafasi hiyo inakomea.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na watu 670,000 walifariki kwayo. Shirika hilo linaeleza pia kwamba takriban nusu ya wanaougua hawana sababu mahususi ya hatari, ila kuwa wanawake na kuvuka umri wa miaka 40. Basi wako wanaokula vizuri maisha yao yote na bado wakapatwa.

Hata hivyo, tunachokula na kunywa kina athari. La kwanza ni pombe. Huko Teso watu huketi kukizunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, wakainywa kwa mirija mirefu. Wataalamu wamethibitisha kwamba pombe huongeza hatari ya saratani ya titi, na kwamba hata kiasi kidogo kina hatari yake. Sisi tumekatazwa kabla ya sayansi kusema neno, Alhamdulillah.

La pili ni uzito, na hili linatuhusu sana sisi wa pwani. Hedhi ikishakoma, ovari huacha kutengeneza homoni ya estrojeni kama zamani, na mafuta ya mwili ndiyo yanayokuwa chanzo chake kikubwa. Homoni hiyo huchochea chembe za titi kukua. Kwa hiyo mwanamke aliyenenepa kupita kiasi baada ya ukomo wa hedhi yumo katika hatari zaidi. Sukari haiendi moja kwa moja kwenye titi. Lakini kaimati, soda na vyakula vya kukaangwa, vikiliwa kila siku bila mwili kufanya kazi, huleta unene huo. Dini yetu imetukataza israfu hata katika kilicho halali.

La tatu ni kunyonyesha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4.3. Surat al-Baqara imetaja muda wa kunyonyesha hadi miaka miwili. Basi manufaa yake si ya mtoto peke yake.

Lakini kupunguza hatari si kuiondoa. Mvuvi huziba nyufa za dau lake, na akiwa baharini bado hutazama kama maji yanaingia. Wifi yangu hakuwahi kuonja pombe, hakunenepa, na alinyonyesha watoto watano. Alikuwa ameziba kila ufa, ila hakutazama maji, na mimi ndiye niliyemwambia asitazame.

Wanawake waliokuja kumjulia hali walimwuliza, "Kwani ulikuwa ukila nini?" Swali hilo lilimwumiza kuliko sindano. Mgonjwa hastahili kuhesabiwa matonge yake. Tumwombee dua, tumpikie, tumshikie watoto, tumchangie nauli.

Alitibiwa Eldoret: dawa za mshipani, kisha akaondolewa titi. Yu hai, na hurudi huko kuangaliwa kila anapoitwa. Sima yake ya wimbi bado anaila, na habasoda bado ninayo jikoni kwangu. Habasoda haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kuiweka mahali pa daktari, ilhali Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba.

Kwa hiyo nawausia, dada zangu: ijueni miili yenu. Kinundu katika titi au kwapani, hata kisichouma. Ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ghafla au kutoa damu: lolote katika hayo lipelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Mkiona haya kwa daktari mwanamume, ombeni mwanamke. Asipopatikana, dharura ina ruhusa yake. Na akikupigia simu dada au wifi yako kukuambia amegusa kinundu, usimwulize anakula nini. Mwambie, "Vaa buibui, twende."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe tulipokosea kwa kutojua. Amin.