Pointi Saba

Dayodi ya silikoni hula kwanza. Chukua betri ya volti 5, dayodi moja na rezista moja, zote kwa msururu mmoja: rezista haitaona 5, itaona kama 4.3. Zile pointi saba zimebaki mlangoni. Kitabuni kuna pia dayodi kamilifu, isiyokula kitu. Dukani haiuzwi.

Hapo ndipo nilipofika katika uhandisi wa umeme, mwaka wa pili, karo ilipokwisha. Mama alikuwa ameuza ndengu za misimu miwili kunifikisha hapo. Sasa niko nyumbani Sultan Hamud, mji wenye jina la sultani wa Zanzibar aliyetawala 1896 hadi 1902. Naandikia watu makala na kulipwa kwa kila neno, na mchana nakaa kwa kibanda cha fundi wa redio kando ya barabara ya Mombasa, kwa sababu ana kivuli na stima. Ananiita injinia. Mwanzoni nilidhani ananikejeli.

Kuna njia moja ya kampasi ambayo bado naipenda. Sakiti ikiwa na dayodi kadhaa, mara nyingi huwezi kujua kwa macho ipi inapitisha na ipi imefunga. Basi unadhania. Sema hii inapitisha, iwekee 0.7, tafuta mkondo. Mkondo ukitoka kinyume cha mshale, futa, sema imefunga, anza tena. Hakuna anayekukatia alama kwa kudhania. Ni masomo machache yana roho hiyo.

Juzi fundi alikuwa anaunda pawa ya redio: transfoma ya 240 kwenda 12, dayodi nne za daraja, kapasita. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Ile 12 si kilele. Kilele ni 12 mara 1.41, karibu 17. Kwenye daraja mkondo hupita dayodi mbili kwa zamu, toa 1.4. Inabaki kama 15.6. Nikamwambia kapasita ya volti 16 haina nafasi ya kupumua, hasa stima ikipanda usiku.

Akafungua kiganja. Alikuwa ameshika ya 25 tayari.

“Za 16 zilinipasukia hadi nikaacha,” akasema. Kisha akaisoma ile risiti polepole, mstari kwa mstari. “Hii walikufundisha kwa pesa ngapi?”

Nikamtajia karo ya miaka miwili. Akanyamaza kwa muda, akarudi kulehemu.

Baadaye akaja mteja na sola, analalamika betri inaamka imechoka. Paneli ilikuwa imeungwa moja kwa moja na betri, bila dayodi. Fundi hakumjibu, akanigeukia mimi. “Injinia, mweleze usiku kunatokea nini.”

Nikamchorea. Gizani paneli haina volti, betri ina 12, kwa hivyo umeme unarudi nyuma kidogo kidogo kucha. Weka dayodi, usiku itafunga. Mchana itakula pointi saba zake, lakini paneli hiyo hutoa 18 juani, zitabaki za kutosha.

Mteja akauliza dayodi ni pesa ngapi. Fundi akataja bei, akaongeza hamsini. “Hiyo ni ya injinia,” akamwambia.

Nikaipokea.