Jiwe linalia Ilesi, sisi tunatazama Malta

Wasee, wiki hii simu yangu imeamua mimi ni mtu wa Malta. Kila nikiifungua kuna jamaa anazunguka hicho kisiwa cha Mediterania akionyesha vituko. Kanisa lina saa mbili ukutani, moja ya kweli na nyingine ya uongo, eti shetani achanganyikiwe asijue misa inaanza lini. Kingine ni kijiji cha vibanda vya mbao kilichojengwa kwa ajili ya filamu ya Popeye ya 1980. Filamu iliisha, vibanda vikabaki, na hadi leo watu wanalipa kiingilio kuviona.

Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka sisi tuko kaunti moja na jiwe linalolia.

Kama hujawahi kufika: ukitoka Kakamega mjini ukielekea Kisumu, kabla hata hujazoea kiti cha matatu, uko Ilesi. Pale kuna nguzo ya mwamba ya karibu mita 40, na juu yake limekaa jiwe lingine kama kichwa kilichoinama. Maji yanateremka kwenye mwamba hadi unaona kabisa njia ya machozi. Wenyeji wanaliita Ikhongo Murwi. Kuna wanaosema ni msichana aliyempenda mwanaume ambaye babake hakumtaka. Wengine watakupa stori tofauti kabisa, na kila mtu ana uhakika. Kwa makanga ni steji tu. Chini barabarani kuna vyungu vya udongo vimepangwa, kazi ya mikono ya watu wa hapo, na magari yanapita mbio kana kwamba ni matofali.

Sisi wa Lumakanda tuna kisingizio kidogo. Lugari ilikuwa mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru familia nyingi zikaja kwa skimu kutoka sehemu zingine za Magharibi. Mababu walikuja na jembe na mbegu ya mahindi. Mawe yenye stori yalibaki walikotoka. Ndio maana unapata kijana wa hapa anajua mitaa ya Dubai kwa majina na hajawahi kusikia Ikhongo Murwi.

Niliposema nataka kuzunguka nikitafuta vitu kama hivi, mama aliniuliza, "Kwa hivyo uliacha chuo ukapige picha mawe?" Sikuwa na jibu la haraka. Fees haikurudi, hiyo inajulikana nyumbani. Lakini nilimwonyesha video ya Ilesi, akaitazama mara mbili, kisha akaanza kunisimulia vitu vya kwao ambavyo kwa miaka ishirini na kitu hajawahi kuvitaja. Nilirekodi dakika kumi na nane. Hiyo siwezi kuipata Malta.

Na bado sijafika kwa ng'ombe! Huko kwa Waisukha na Waidakho, kina Khayega na Malinya, fahali wanapigana wao kwa wao. Hakuna mtu wa kitambaa chekundu, hakuna mnyama anayechomwa mkuki. Fahali anasindikizwa alfajiri kwa ngoma na nyimbo kama bwana harusi, wanagongana pembe, na anayekimbia ndiye ameshindwa. Shida ni kwamba anakimbilia kwa watu. Isukuti, ngoma yenyewe ya hao watu, UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa lugha rahisi, inaweza kupotea tukiwa hapa hapa tunaskroli.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba hii ni ushamba. Sawa. Saa ya kumdanganya shetani ni utalii, jiwe linalolia ni ushamba.

Jumamosi naenda Malinya, natoka usiku. Mama amesema atakuja, lakini anataka kujua kwanza kama kuna mti wa kupanda.