Paneli ya Kikaushio cha Nguo: Kuitafuta Hitilafu Ughaibuni na Mbulu

Paneli ya kikaushio cha nguo haifanyi kazi peke yake. Vitufe na taa za mbele hupokea amri tu. Nyuma yake kuna bodi inayoruhusu umeme kwenda kwenye mota na hita kupitia rilei, na ndani ya mashine kuna sensa zinazoipa bodi habari za joto, unyevu na mlango. Kwa hiyo paneli inapozima, inapogoma kupokea amri au inapoonyesha herufi zisizoeleweka, kosa mara nyingi liko kwingine. Fundi mzuri huanza nje na kumalizia ndani: umeme kwanza, kisha vitufe, mlango na hewa, halafu sensa, na bodi mwisho kabisa. Mpangilio huo ni mmoja Minneapolis na Mbulu. Tofauti ni mahali ambapo hitilafu hupenda kukaa, na namna inavyotibiwa ikishaonekana.

Marekani, kikaushio cha umeme hutumia volti 240 zinazoletwa na njia mbili za volti 120 kila moja, chini ya breka pacha ya ampea 30. Kwa kawaida hita hutaka volti zote 240, lakini mota na paneli hutosheka na 120. Njia moja ikikatika, paneli inaweza kuwaka na pipa likazunguka kama kawaida huku nguo zikibaki baridi na mbichi. Wengi huagiza bodi mpya hapo, kumbe breka imeruka upande mmoja. Dawa ya kwanza ni kuzima breka kabisa na kuiwasha upya. Uingereza mambo ni mepesi zaidi: mashine huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya volti 230, na fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi ndiyo hukaguliwa mwanzo.

Umeme ukiwa mzima, hufuata vitufe. Paneli inayowaka lakini haisikii mguso huenda imefungwa kwa kufuli la watoto, ambalo kwa mashine nyingi hufunguka kitufe chake kikibanwa kwa sekunde chache. Kuchomoa mashine kwa dakika tano pia huifanya bodi isahau amri iliyokwama. Herufi za hitilafu husomwa kwenye kitabu cha modeli husika, kwa sababu kila kampuni ina lugha yake. Kwenye baadhi ya vikaushio vya Whirlpool, PF humaanisha umeme ulikatika katikati ya kazi. Kwenye vya LG, d80 humaanisha njia ya hewa imeziba kwa takribani asilimia 80. Namba ya modeli huandikwa aghalabu kwenye fremu ya mlango.

Njia ya hewa haifai kupuuzwa. Nyuzinyuzi za nguo zikijaa kwenye chujio na bomba, joto hukwama, na fyuzi ya joto hukata. Katika baadhi ya modeli fyuzi hiyo ikikatika mashine hukataa kuanza kabisa, na lawama huangukia paneli. Fyuzi haijirekebishi, hubadilishwa, na bomba husafishwa siku hiyo hiyo, la sivyo mpya nayo itakatika. Uzembe huu ni hatari: uchafu usioondolewa unatajwa Marekani kuwa chanzo kikuu cha moto wa vikaushio majumbani.

Baada ya hapo mashine huchomolewa plagi, kifuniko hufunguliwa na mita hutumika. Swichi ya mlango ipitishe umeme mlango ukifungwa. Sensa ya joto katika mashine nyingi huwa na ukinzani wa karibu omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na hupungua joto linapopanda. Ikisoma sifuri au isisome kitu, imekufa. Vipande viwili vya chuma ndani ya pipa hupima unyevu, na vikipakwa utando wa dawa ya kulainishia nguo, mashine huzima kabla nguo hazijakauka. Kitambaa chenye siki hutosha kuvisafisha. Waya bapa unaounganisha paneli na bodi huchomolewa na kurudishwa ukae sawasawa.

Ikibaki bodi tu, ughaibuni huagizwa nyingine. Saa ya fundi ni ghali, na kuchokonoa bodi huonekana hasara.

Mbulu na Hanang, vikaushio vya nyumbani ni vichache. Nguo huanikwa kwenye kamba au juu ya ua, na upepo wa kiangazi hufanya kazi bure. Hata hivyo, ukungu na baridi ya nyanda za juu huacha sweta na mablanketi yakiwa na unyevu kwa siku nzima, ndiyo maana mashine kutoka ughaibuni hupokelewa kwa furaha. Hesabu ya LUKU lazima itangulie: mashine ya kilowati 2.5 ikifanya kazi saa moja na nusu hula yuniti karibu 3.75. Mikupuo 20 humaliza yuniti 75, kikomo cha mwezi cha mteja mdogo wa TANESCO.

Huku hitilafu hupenda kukaa kwenye umeme wenyewe. Umeme mdogo jioni huifanya paneli iwake na kuzima; umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, bodi hupigwa. Kifaa cha kulinda umeme chenye uwezo wa mzigo huo ni cha lazima, si kile kidogo cha televisheni. Mashine ya Marekani ina tatizo zaidi: paneli na mota vinavyotaka volti 120 huungua vikiunganishwa na 230, na mota ya hezi 60 huzunguka polepole na kupata moto kwenye hezi 50. Ya Uingereza au Oman inafaa, hata plagi yake ni ile ile.

Nguvu ya nyumbani ni fundi. Anayetengeneza redio na inveta za sola Katesh, Haydom au mjini Mbulu hatupi bodi. Huitazama kwenye mwanga: kapasita iliyovimba kichwa, varista iliyogeuka nyeusi, miguu ya rilei ambayo risasi yake imepasuka. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za mwanzo. Risasi iliyopasuka huyeyushwa upya. Ujuzi huo unastahili heshima, maana huokoa mashine ambayo ughaibuni ingeishia jalalani. Kikomo chake ni chipu yenye programu: ikiungua, bodi nzima lazima ipatikane.

Hivyo anayetuma kikaushio nyumbani atume na vitu vinavyomsaidia fundi: kitabu cha modeli, picha ya namba ya bodi, fyuzi ya joto ya akiba na sensa moja. Ni mzigo mdogo, na hupatikana kwa urahisi wakati modeli bado iko sokoni.