Okunoin, Makaburini Chini ya Mierezi

Mlima Koya, mkoani Wakayama nchini Japani, haufikiki haraka, na ni heri iwe hivyo. Treni inaishia bondeni. Kutoka hapo behewa huvutwa kwa kamba ya chuma kupanda mteremko mkali, kuelekea mji wa mahekalu ulio takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mtawa Kukai alipewa mlima huu mwaka 816 aufanye mahali pa kutafakari. Sijapata kuona makaburi yanayomkaribisha mtu kama ya Okunoin, huko huko mlimani.

Njia yake, kilomita 2 hivi, inaanzia daraja la Ichinohashi. Mierezi ya karne nyingi imeziba anga, na chini yake yametanda makaburi zaidi ya 200,000, mengi yameota kuvumwani. Simama mbele ya mojawapo ulitazame vizuri. Mawe matano yamebebana: la mraba chini ni ardhi, la mviringo ni maji, la pembe tatu ni moto, la nusu mwezi ni upepo, na la juu, lenye ncha, ni anga. Mbudha wa madhehebu ya Shingon anauona hapo mwili wake mwenyewe, ulioumbwa kwa vitu hivyo na utakaovirudia. Mbabe wa vita Oda Nobunaga ana kaburi hapa. Akechi Mitsuhide, jemadari wake aliyemsaliti mwaka 1582, naye analo, katika msitu huu huu.

Njiani kuna kisima kidogo. Wenyeji husema asiyeiona sura yake majini hatavuka miaka mitatu. Watu huinama wakachungulia, wazee kwa vijana. Naupenda sana ujasiri huo. Budha aliwahimiza wanafunzi wake wakikumbuke kifo kila siku, wakiwa wazima, ili kisiwakute wamezubaa.

Kabla ya daraja la mwisho zimejipanga sanamu za shaba. Mama anachota maji kwa kata, anaimwagia sanamu, anamwombea marehemu wake, kisha anampisha mwingine. Ng'ambo ya daraja hairuhusiwi kupiga picha. Huko yumo Kukai, ambaye waumini wanaamini hakufa mwaka 835, bali yungali katika tafakuri. Watawa humpelekea chakula mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa nne na nusu. Mahekalu zaidi ya 50 mlimani hulaza wageni. Lala huko, uamke mapema uwahi kuona chakula cha kwanza kikipelekwa.