Pesa Imeingia, Lakini Imeingia Wapi?

Kazi yangu ni kuandika programu za kupokea malipo ya sarafu thabiti, hasa USDC, kwa wafanyabiashara wa Nairobi wenye wateja nje ya nchi. Simu ninazopigiwa zaidi huwa na swali moja: "Dada, pesa imeingia?" Kwenye tabaka la pili la blokcheni swali hilo lina majibu kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuamua ni jibu lipi linatosha kuachilia mzigo.

Tulianzia Ethereum yenyewe. Kuhamisha USDC huko hula takriban vipimo 65,000 vya gesi, yaani kazi ya ukokotoaji inayolipiwa. Kipimo kimoja kikiwa gwei 100 (gwei ni sehemu ya bilioni ya etha) na etha moja ikiuzwa dola 4,000, bei ambazo mwishoni mwa 2021 hazikumshangaza mtu, ada ni dola 26, hata kama unachotuma ni dola 40. Hakuna aliyekuwa akitulangua. Nafasi ndani ya bloku ina kikomo, na kila nodi hurudia hesabu ya kila muamala ili ijiridhishe. Ukipanua bloku ovyo, mwenye kompyuta ya kawaida anaachwa nyuma na ukaguzi unabaki kwa wenye seva kubwa. Ndiyo maana kwa miaka mingi Ethereum ilibeba kama miamala 15 kwa sekunde, na waliotaka nafasi wakapandishiana bei.

Rolapu, yaani mitandao ya tabaka la pili kama Arbitrum One iliyofunguliwa kwa umma Agosti 2021 na Base iliyofuata Agosti 2023, huitoa kazi hiyo nje. Seva iitwayo sikwensa hupokea miamala, huipanga na kuitekeleza, kisha huibana data yake na kuipeleka Ethereum kwa mkupuo. Mweka hazina wa chama hufanya vivyo hivyo: anapokea michango, anaandika daftarini, halafu anakwenda benki na fungu lote. Risiti yake unaipata papo hapo. Benki bado haijui lolote.

Ada zilishuka, ila zilizoshuka kikweli ni zile za baada ya 13 Machi 2024, siku ya sasisho la Dencun. Kabla yake, data za rolapu zilipanda gari moja na miamala mingine yote ya Ethereum na kuilipia bei ileile. Dencun ilileta blobu: pakiti za kilobaiti 128 zenye soko lake la bei, ambazo nodi huzitupa baada ya siku 18 hivi. Kutuma USDC kupitia Base kukawa mara nyingi chini ya senti moja ya dola. Mteja wetu mmoja wa Eastleigh, aliyekuwa akiacha deni lirundikane ndipo alipwe, alianza kupokea dola tano tano. Hizo siku 18 huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Kinachotakiwa ni kila mtu awe na nafasi ya kuiona data kwa wakati. Kuihifadhi ni kazi yetu, na tunaihifadhi.

Sasa turudi kwa risiti. Base hutoa bloku kila sekunde mbili, na pochi ya mteja huonyesha tiki. Hiyo ni ahadi ya sikwensa, inayoendeshwa na kampuni moja, Coinbase. Ngazi ya pili ni fungu kufika Ethereum na kukamilishwa huko, jambo linalochukua kama dakika 13 tangu liwasilishwe. Malipo madogo tunayaachilia kwenye tiki. Kontena linasubiri ngazi ya pili.

Halafu kuna zile siku saba za kusubiri unapotoa pesa kwenye rolapu kuirudisha Ethereum, ambazo wengi huzielewa vibaya. Si kwamba malipo yana shaka kwa wiki nzima. Data ikishatulia Ethereum, nodi yangu hukokotoa jibu yenyewe. Anayesubiri ni mkataba wa daraja ulioko Ethereum: wenyewe haurudii hesabu, hivyo hutoa muda wa mtu kupinga kabla ya kuruhusu pesa itoke. Kuna wanaokutangulizia pesa hiyo kwa ada, kwa kuwa nodi zao zinajua jibu tayari. Rolapu zinazotumia ushahidi wa kihisabati hufupisha muda huo, ila programu zake ni ngumu mno kukagua.

Husemwa kwamba rolapu hurithi usalama wa Ethereum. Mimi husoma kwanza nani ana funguo. Arbitrum ina baraza la usalama la watu 12, na tisa wakikubaliana wanaweza kubadilisha programu kwa dharura bila kusubiri. Optimism, rolapu nyingine, ilibeba pesa za watu hadi Juni 2024 ndipo ikawasha mfumo wa kupinga hesabu ya uongo. Celo, unaotumiwa na pochi ya MiniPay hapa Kenya, ulikuwa mnyororo wa kujitegemea hadi Machi 2025 ulipogeuka tabaka la pili. Bloku zake zikashuka kutoka sekunde tano hadi moja, lakini data yake huwekwa EigenDA, huduma ya data iliyo nje ya Ethereum, badala ya Ethereum yenyewe. Ni nafuu, na kuna kundi la ziada la kuliamini.

Tarehe 15 Desemba 2023 sikwensa ya Arbitrum ilielemewa na wimbi la maandishi yaliyokuwa yakichapwa kwenye mnyororo, ikasimama kwa zaidi ya saa moja. Hakuna pesa iliyopotea. Kanuni zina mlango wa dharura: unapeleka muamala wako Ethereum moja kwa moja, na sikwensa isipouchukua ndani ya takriban saa 24, unaweza kulazimishwa uingie. Zana ya kufanya hivyo tumeiandika na tunaijaribu mara kwa mara. Tatizo ni kwamba mlango huo hulipiwa ada ya Ethereum. Kwa mwenye kontena ni gharama ya kawaida. Kwa mwenye dola 40, siku ambayo gesi imepanda, haumfai. Wateja wa aina hiyo tunawafungulia anwani kwenye rolapu mbili zenye sikwensa tofauti, na tunawashauri wasilaze humo zaidi ya mauzo ya siku.