Sehemu ya 6: Kijana wako na ile simu

 Wiki jana tuliongea kuhusu homa za usiku. Leo naacha watoto wadogo kidogo, kwa sababu wengi mmeniuliza: "Nesi, kijana wangu anashinda kwa simu akiongea siasa, nifanye nini?"

Wacha niwaambie yangu.

Juni 2024 kazi yangu ilikuwa kumgombeza mdogo wangu, ana miaka ishirini: weka simu chini, soma. Nilidhani ni densi za TikTok tu. Asubuhi moja nikitoka zamu ya usiku akanikalisha, akanionyesha msichana wa rika lake akieleza Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na Sheng. VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Ushuru wa mazingira ambao ungegusa hata daipa. Mimi ninayeongea na mama wa watoto wachanga kila siku sikuwa na habari. Lakini badala ya kuuliza zaidi, nikamwambia, "Hayo waachie wakubwa," nikaenda kulala.

Hakuna chama kilichowaita hao vijana, wala mheshimiwa aliyewagawia pesa. Walipatana kwa simu, wakachangiana kwa M-Pesa. Juni 18 walijaa barabarani Nairobi, na siku hiyo hiyo serikali ikasema VAT ya mkate inaondolewa.

Juni 25 aliniaga, eti anaenda chuo. Mchana majeruhi wakaanza kuletwa. Nilifunga vidonda huku kila machela ikiingia naangalia viatu kwanza, uso baadaye. Simu yake haikupatikana. Saa mbili usiku akanipigia kwa simu ya mtu: "Dada, niko sawa. Chaji iliisha."

Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada. Lakini kufikia Julai 1, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Kuna mama ambao ile simu ya usiku haikulia.

Mimi nilijilaumu kwa jambo moja. Hakunidanganya kwa sababu ya TikTok. Alinidanganya kwa sababu alijaribu kuniambia nikamfungia mlango.

Kwa hivyo mama, kabla ya kunyakua simu:

Mwombe akuonyeshe anachotazama. Sikiliza mpaka mwisho, hata kama hukubaliani naye.

Muulize, "Umejuaje ni kweli?" Kuna video za zamani hupewa tarehe mpya. Na asiweke mtandaoni nyuso za wenzake bila ruhusa, kuna watu wanaweza kutafutwa kwazo.

Namba yako aishike kwa kichwa. Chaji huisha.

Akipata gesi ya machozi, atoke hapo aende penye hewa safi, aoshe macho kwa maji mengi safi, asisugue. Akikohoa bila kuacha au akishindwa kupumua, aje hospitali haraka.

Mwisho, kama ametimiza 18, msindikize achukue kitambulisho na ajiandikishe kura. Uchaguzi ni 2027, na like hazihesabiwi kwa debe.

Mdogo wangu bado ananionyesha video. Siku hizi naweka chai, nakaa, namuuliza maswali. Wewe wako anakuonyesha nini? Niambie hapo chini, nitasoma nikimaliza zamu.